Kava za matibabu Kenya baada ya Korona: kikomo kilekile, milango mipya

Weka mezani broshua ya bima ya matibabu ya mwaka 2019 na ya leo. Kurasa za mbele zinafanana kama mapacha: familia inayotabasamu, kikomo cha kulazwa (kiasi cha juu ambacho bima italipa) kwa tarakimu nono, na neno "kamili" limepachikwa mahali. Tofauti iko kurasa za nyuma, zile za maandishi ya kuumiza macho. Huko ndiko kampuni za bima zilikofanyia kazi yao tangu kisa cha kwanza cha Korona kitangazwe Kenya tarehe 13 Machi 2020. Kikomo hakikuguswa sana. Kilichobadilika ni milango unayopita kabla ya kukifikia: uende hospitali gani, kwa idhini ya nani, utoe ngapi mfukoni, ungoje miezi mingapi.

Hapa tunapima aina tatu za kava ambazo mtu binafsi au familia inaweza kununua Kenya: kava ya familia ya kampuni binafsi, bima ya lazima ya SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii ya serikali), na vile vifurushi vidogo vya simu vinavyolipa pesa kwa kila usiku wa kulazwa. Kampuni hatutazipanga kwa majina, kwa kuwa kampuni moja huuza kava nne au tano zenye masharti yasiyofanana, na sifa ya jina haimsaidii aliyesimama kwenye kaunta saa nane za usiku na mtoto mwenye homa.

Kwanza, walichojifunza watu wa kampuni za bima. Mwaka 2020 watu waliogopa hospitali kuliko ugonjwa. Kliniki za wagonjwa wa nje zikapwaya, upasuaji usio wa dharura ukaahirishwa, na kwa miezi kadhaa madai yakapungua. Mwaka uliofuata deni likarudi kwa mkupuo: walioahirisha walikuja hali ikiwa mbaya zaidi, na wimbi la Delta, aina mpya ya virusi vya Korona, likajaza vitanda vya wagonjwa mahututi. Bili zikapata mistari ambayo haikuwapo zamani, kama mavazi ya kinga ya wahudumu yakitozwa kila siku, na kipimo cha Korona cha PCR ambacho mwanzoni kilikaribia KSh 10,000 katika hospitali binafsi. Wakati huohuo mikataba mingi ya zamani ilikuwa na kifungu kinachotoa nje magonjwa ya mlipuko yaliyotangazwa na serikali. Zipo kampuni zilizokishikilia, zipo zilizokiweka kando zikalipa hadi kiwango fulani.

Kampuni za bima ziliondoka na somo moja lililozikaa: ugonjwa unaweza kukadiriwa, lakini bei ambayo hospitali itaandika kwenye bili haikadiriki kama hakuna aliyeifunga mapema. Ndiyo maana karibu kila badiliko lililofuata limelenga hospitali. Mwanachama ndiye anayeligonga akiwa njiani.

Majirani zetu walilipata somo hilo hadharani. Tarehe 1 Machi 2024, NHIF ya Tanzania, mfuko wa bima ya afya wa serikali, ilipoanza kutumia kitita kipya cha mafao, yaani orodha ya huduma na bei zake, hospitali kadhaa za binafsi zilisitisha huduma kwa wenye kadi zikisema bei mpya hazifidii gharama. Kule ugomvi ulitangazwa kwenye taarifa ya habari. Kenya, kwa kava za binafsi, ugomvi wa namna hiyo huendeshwa kwa barua kati ya kampuni na hospitali, na mwanachama huupata pale mapokezi akiambiwa, "Kwa sasa hatupokei kadi hiyo."

Kava ya familia: orodha ya hospitali ndiyo bidhaa yenyewe

Zamani orodha ya hospitali ilikuwa kiambatisho. Leo ndiyo unayoinunua. Kampuni nyingi sasa huuza kikomo kilekile, tuseme KSh 1,000,000 za kulazwa, kwa bei mbili au tatu, na kinachozitofautisha ni orodha tu. Ya bei ya chini inakupeleka hospitali za kati na za misheni. Ya katikati inaongeza hospitali za kaunti zenye wodi za kulipia pamoja na hospitali nyingi za binafsi mijini. Ya juu ndiyo inayofungua milango ya zile hospitali tatu nne kubwa za Nairobi ambazo kila mtu anazitaja.

Maoni yetu: kwa familia nyingi, orodha ya kati ndiyo pesa iliyotumika vizuri. Kulipia orodha ya juu kwa ajili ya mafua ya mtoto na vidonda vya tumbo ni kuchoma ada. Hospitali kubwa zinahitajika kwa mambo machache mazito, na kava kadhaa za kati huruhusu kupelekwa huko kwa rufaa pale huduma inapokosekana kwingine. Kifungu hicho cha rufaa kitafute kwenye mkataba wenyewe. Maneno ya wakala hayahesabiki.

Orodha huchakaa haraka. Iliyochapishwa Januari inaweza kuwa na kituo kilichoondolewa Aprili. Kabla ya kulipa, chagua vituo vitatu utakavyovitumia kweli: kimoja karibu na nyumbani, kimoja karibu na kazini, na kimoja kilicho wazi saa 24 chenye wodi ya watoto. Pigia simu dawati la bima la kila kimoja, si la kampuni, uulize maswali mawili. Je, mnapokea kava hii kwa jina lake kamili? Na je, mnaipokea kwa wagonjwa wa nje na wa kulazwa pia? Swali la pili ndilo linalosahaulika. Kuna vituo vinavyolaza kwa kadi lakini kliniki yao ya nje inataka pesa taslimu, na vingine kinyume chake.

Jambo jingine ni namna kituo kinavyolipwa. Baadhi ya kliniki hulipwa kwa kila ziara. Nyingine hulipwa kiasi kimoja kwa kila mwanachama kwa mwaka, aje au asije. Kwa kampuni njia hii ya pili ni tamu maana gharama inajulikana tangu Januari. Kwako ina kasoro moja: kliniki inapata faida usipopimwa. Ukiona umepewa dawa ya malaria bila damu kutolewa, au kila kipimo "kitafanywa ukirudi", huenda uko kwenye kliniki ya mkupuo. Uliza kama kava inakuruhusu kubadili kliniki katikati ya mwaka. Nyingi huruhusu mara moja.

Kopei, chumba, na vikomo vilivyojificha ndani ya kikomo

Kopei, ile pesa unayotoa mwenyewe dirishani kabla kadi haijafanya kazi, ilikuwapo kabla ya Korona, ila sasa imesambaa. Kwa wagonjwa wa nje ni kiasi maalumu kwa kila ziara, mara nyingi kati ya KSh 500 na 2,000 kutegemea hospitali. Kwa kulazwa ni asilimia, na kwa kawaida hutozwa hospitali za gharama kubwa pekee. Hatuna neno na kopei ya ziara. Inapunguza safari za bure, na inashusha ada. Kopei ya asilimia kwenye kulazwa ndiyo ya kuogopa, kwa sababu haina dari.

Hesabu yake iangalie kwa makini, pamoja na kitu ambacho wengi hawakijui: kampuni nyingi huandika mkataba kwa kudhani kwamba umelipia SHA, na huondoa fungu la SHA kwenye bili kabla hazijagusa shilingi. Chukua mfano wa nimonia, siku 5 kwenye hospitali ya binafsi ya ngazi ya 4 (ngazi za vituo vya Kenya hupanda hadi ya 6), bili KSh 145,000, kopei ya 10%. Kwa viwango vilivyotangazwa 2024, SHA hulipa kitanda cha ngazi hiyo KSh 3,360 kwa siku, yaani 16,800. Zinabaki 128,200. Kopei yako ni 12,820, kampuni inalipa 115,380. Sasa tuseme hujalipia SHA. Kampuni bado italipa zilezile 115,380. Wewe utatoa 12,820 na juu yake zile 16,800, jumla 29,620. Mtu mwenye "kava ya milioni" anazuiliwa hospitalini kwa elfu ishirini na tisa, na hapo hakuna aliyemdhulumu. Imeandikwa kwenye mkataba.

Chumba ni mtego mdogo lakini wa kila siku. Mkataba husema "wodi ya kawaida" au "chumba cha faragha hadi kiasi fulani kwa usiku". Wodi ikijaa, muuguzi atakuuliza kwa upole kama ungependa chumba cha peke yako. Ukikubali, tofauti ni yako kila usiku. Jibu sahihi ni kuomba hospitali iandike kwenye ombi la idhini kwamba hakuna kitanda cha kawaida. Kampuni nyingi hulipa zikipata maandishi hayo siku ileile, na hukataa zikiyapata baada ya wiki.

Kisha vikomo vya ndani. Milioni moja ya ukurasa wa mbele ni ya ugonjwa mpya, wa ghafla, usio na historia. Kisukari, shinikizo la damu, pumu, saratani, ugonjwa wa kuzaliwa nao, afya ya akili, kujifungua: kila kimoja kina kibubu chake ndani ya ile milioni, na vibubu vingine ni vidogo ajabu. Ushauri nasaha na matibabu ya akili umeongezwa kwenye kava nyingi tangu Korona, jambo jema, lakini kagua kiasi chake kabla ya kulisifu. Magonjwa ya mlipuko nayo yamerudi kwa sura hii: kifungu cha kuyatoa nje kimefutwa mahali pengi, mahali pake pamewekwa kikomo cha ndani. Fungua mkataba, tafuta neno "janga" au "mlipuko", usome sentensi nzima.

Kungoja kumebaki karibu vilevile. Ajali hulipwa tangu siku ya kwanza, ugonjwa wa kawaida baada ya siku 30. Kwa kujifungua ni miezi 9 hadi 12, na magonjwa sugu uliyokuja nayo huchukua mwaka mzima au zaidi. Anayejaza fomu akaficha kisukari "kwa sababu hawatajua" anajidanganya. Siku akilazwa, daktari atauliza ana kisukari tangu lini, yeye atajibu kweli kwa sababu anaumwa, jibu litaingia kwenye ripoti, na ripoti itaenda kwa kampuni. Dai linaweza kukataliwa kwa kuficha, hata kama alilazwa kwa kitu kingine.

Idhini, na saa saba za kusubiri kuruhusiwa

Ukilazwa, hospitali hutuma ombi la idhini kwa kampuni na kupata barua ya dhamana, yaani ahadi ya kampuni kulipa hadi kiasi fulani. Wengi hufurahi wakiiona, hawasomi kiasi. Barua ya kwanza mara nyingi ni ya mwanzo tu, tuseme KSh 50,000, na huongezwa kadiri bili inavyokua. Isipoombwa nyongeza, bili hupita dhamana kimyakimya na hugunduliwa siku ya kutoka.

Kutoka ndiko kunakochosha kuliko kote. Daktari anakuruhusu saa tatu asubuhi, unatoka saa kumi jioni. Sababu haiko kwenye mfumo wa kompyuta kama unavyoambiwa. Bili ya mwisho haifungwi hadi famasia irudishe dawa ambazo hazikutumika, maabara iingize vipimo vya mwisho na daktari mgeni aandike ada yake. Hapo ndipo inapotumwa kwa kampuni, ambako mtu anaisoma mstari kwa mstari. Kinachosaidia: jioni kabla ya siku ya kutoka, omba bili ya muda itumwe kwa ajili ya kupitiwa, na mwulize muuguzi kama ripoti ya kuruhusiwa imeandikwa na kutiwa saini. Ripoti isiyo na saini ndiyo inayokwamisha zaidi. Daktari wa zamu huenda asiweze kuitia saini kwa niaba ya bingwa aliyekwisha kwenda nyumbani.

Utambulisho nao umezunguka ukarudi palepale. Kadi ya Smart, ile kadi ya kielektroniki ya bima, na alama ya kidole vilikuwa kawaida. Korona ikafanya watu waogope kugusa kifaa kilichoguswa na wagonjwa mia, na msimbo unaotumwa kwenye simu ukapata nafasi. Msimbo una udhaifu ulio wazi: anayeshika simu ndiye mgonjwa, hata kama mgonjwa mwenyewe yuko Kitale. Kwa hiyo kidole kimerejea. Kifaa cha kidole kina wateja wanaokishinda: waashi, wafuaji nguo, wazee, na mwanamke aliyepaka hina juzi. Wakati wa kusajili usitoe kidole gumba peke yake. Omba visajiliwe vidole vya mikono yote miwili, maana cha pete na cha mwisho huwa havijachakaa. Na kifaa kikikataa, kituo kinapaswa kupiga simu kampuni kupata nambari ya kuruhusu kwa mkono. Hiyo njia ipo. Ambaye hajui kuiuliza ndiye anayelipa taslimu.

Daktari wa simu tutampitia haraka. Kwa kujaza upya dawa za shinikizo, upele, au kusoma majibu ya maabara, ni huduma nzuri, na dawa kuletwa mlangoni kunaokoa nusu siku. Kwa mtoto mchanga au maumivu ya kifua, usipoteze muda kwenye simu, nenda hospitali. Uliza mambo mawili: je, simu hiyo inakatwa kwenye kikomo cha nje, na je, dawa ni zenye chapa ya kampuni au zile za jina la kawaida (jeneriki)? Kampuni nyingi sasa hulipa za jina la kawaida pekee. Ukitaka ile yenye chapa, tofauti unaitoa mwenyewe.

SHA: hafifu peke yake, muhimu kama msingi

SHA ilichukua nafasi ya NHIF ya Kenya, mfuko wa zamani wa bima ya hospitali, tarehe 1 Oktoba 2024, chini ya Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023. Aliyeajiriwa hukatwa 2.75% ya mshahara ghafi, bila dari, na mchango hauwezi kuwa chini ya KSh 300 kwa mwezi. Wa mshahara wa 20,000 amepata nafuu: alikuwa akitoa 750 NHIF, sasa 550. Wa 100,000 ametoka 1,700 hadi 2,750. Asiye na ajira rasmi hujisajili kwa *147# au mtandaoni kwenye Afya Yangu, hujibu maswali ya kupima uwezo kuhusu nyumba, choo, maji na mifugo, kisha hupewa kiasi cha kulipa kwa mwaka mzima mbele. Hata kima cha chini ni 3,600 kwa mkupuo, na ndio uliozaa mpango wa mkopo wa Lipa SHA Pole Pole mwaka 2025.

Kulipa mwaka mzima mbele kunaudhi, lakini kuna sababu. Chini ya NHIF mwananchi angeweza kukaa mwaka bila kulipa, akalipa mke akikaribia kujifungua, kisha akapotea. Tanzania waliugua ugonjwa huohuo na Toto Afya Kadi, kadi ya bima ya watoto ya TSh 50,400: wazazi wengi waliwakatia watoto ambao tayari wanaumwa, na mwaka 2023 usajili wa mtoto mmojammoja ukasimamishwa, watoto wakaelekezwa kusajiliwa kupitia shule. Mfuko unaojazwa na wagonjwa pekee haudumu.

Kwa mafao, jedwali la 2024 linasema: kujifungua kawaida KSh 10,000, kwa upasuaji 30,000. Kitanda ni 3,360 kwa siku ngazi ya 4, 3,920 ngazi ya 5, na 4,480 ngazi ya 6. Chumba cha mahututi kimewekewa 28,000 kwa siku, kusafisha damu 10,650 kwa kipindi. Saratani iliwekewa hadi 400,000 kwa familia kwa mwaka, na ikiisha, mfuko wa dharura na magonjwa sugu uliongeza 150,000. Kwa wagonjwa wa nje, kilicho bure ni zahanati na vituo vya afya vya ngazi ya 2 na 3. Ukienda moja kwa moja kliniki ya nje ya hospitali kubwa, jiandae kulipa.

Soma hizo namba pamoja na bei za soko. Kwa kusafisha damu, SHA inatosha kwa vituo vingi, na kwa mgonjwa wa figo hakuna kava ya binafsi inayoishinda kwa thamani ya pesa. Kwa kujifungua katika hospitali ya serikali au ya misheni pia inakaribia kutosha. Kwa chumba cha mahututi cha binafsi, 28,000 ni sehemu tu ya bili. Kwa saratani, fungu hilo linaweza kuisha kabla matibabu hayajafika katikati, hasa dawa zikiwa za gharama.

Udhaifu mkubwa wa SHA hauko kwenye jedwali. Uko kwenye malipo kwa hospitali. Februari 2025 hospitali za binafsi za vijijini na mijini zilizo chini ya RUPHA ziliamua kutoza wagonjwa taslimu kwa sababu ya madeni, mengi yakiwa ya enzi ya NHIF, yaliyotajwa kuwa zaidi ya KSh 30 bilioni. Machi serikali ikaahidi kulipa madai yasiyozidi milioni 10 kwa kila kituo, na kuhakiki yaliyobaki. Mwaka huohuo vituo vingi vikasimamishwa kwa udanganyifu, na wizara ikatangaza kuachana na msimbo wa simu kurudi kwenye kidole. Kwa hiyo mwenye SHA pekee na awe na kituo cha pili mfukoni, ikiwezekana cha serikali. Kabla ya upasuaji wa kupanga, uliza kama kituo bado kina mkataba na mamlaka wiki hii. Jibu la mwezi uliopita limekwisha muda.

Mwenye kava ya binafsi naye asiichukulie SHA kama kodi ya bure. Mfano wa nimonia hapo juu umeonyesha. Hakikisha wategemezi wote wamo: mwenzi na kila mtoto, kwa nambari sahihi ya cheti cha kuzaliwa. Mtoto asiye kwenye mfumo hana fungu la SHA, na kampuni italikata hata hivyo.

Vifurushi vya simu: viite kwa jina lake

Tangu Korona vimejaa vifurushi vinavyouzwa kupitia mikopo, vyama vya akiba, programu za usafiri na kampuni za simu, kwa shilingi chache kwa siku au wiki. Vinalipa kiasi maalumu kwa kila usiku uliolazwa, moja kwa moja kwenye simu. Kuviita bima ya matibabu ni kupotosha. Havilipi hospitali, havina orodha wala dhamana. Kazi yake ni kufidia nauli, chakula, na siku ambazo bodaboda imelala nyumbani. Kwa kazi hiyo vinafaa sana, na kwa mwenye SHA pekee ndivyo vya kwanza kuongeza.

Madai hufeli kwa sababu zilezile kila mara. Jina kwenye ripoti ya hospitali halilingani na la kitambulisho. Ripoti haina muhuri. Mgonjwa aliingia saa nne asubuhi akatoka jioni, na kifurushi kinahesabu usiku. Dai limetumwa baada ya muda uliowekwa. Au kifurushi kilikuwa kimezimika kwa sababu salio la simu halikutosha siku ya makato, na hakuna aliyeona ujumbe. Piga picha ya ripoti, bili na kitambulisho kabla hujaondoka getini. Kurudi kutafuta muhuri kunagharimu nauli kuliko fidia ya usiku mmoja.

Bei, kodi, na wakati wa kufanya upya

Kwenye ada ya kava ya binafsi huongezwa tozo ya mafunzo 0.2%, ya mfuko wa fidia kwa wenye bima 0.25%, na stempu ya KSh 40. Kwa ada ya 80,000 hiyo ni 160, 200 na 40, jumla 80,400. Ukiletewa hesabu yenye nyongeza ya maelfu chini ya neno "tozo", uliza. Mwajiriwa anayejilipia ana nafuu ya kodi ya 15% ya ada, isiyozidi 5,000 kwa mwezi, lakini ni lazima aombe cheti kutoka kwa kampuni na kukijaza kwenye ritani. Wengi hawakiombi. Ukilipa kwa awamu kupitia benki, fahamu kwamba benki ndiyo iliyoilipa kampuni. Ukikosa awamu, benki inaweza kuifuta kava ili irudishiwe pesa zake, na hiyo hutokea hata ukiwa wodini.

Ada hupanda kwa umri, na wakati mwingine kwa madai ya mwaka uliopita. Barua ya kufanya upya hufika wiki chache kabla ya tarehe, na humo ndimo kopei mpya na vituo vilivyoondolewa hujificha. Iombe mapema na ulinganishe na ya mwaka jana kwa kalamu mkononi. Mtoto aliyezaliwa katikati ya mwaka aongezwe ndani ya siku ambazo mkataba umetaja, mara nyingi 30. Ukichelewa, huingia kama mwanachama mpya na kungoja kwake kunaanza upya.

Ukihama kampuni, usiache pengo hata la siku moja. Iambie mpya kabla ya kulipa kwamba unataka mwendelezo, yaani muda uliokwisha kungoja kwa zamani uhesabiwe. Italeta fomu, itadai cheti cha kava ya zamani na orodha ya madai ya miaka miwili au mitatu. Kampuni ya zamani haipendi kuitoa orodha hiyo na huchukua muda, kwa hiyo iombe kwa barua pepe siku 60 kabla. Na mwendelezo ukikubaliwa, uandikwe kwenye mkataba mpya, kwa jina la kila mtu na kila ugonjwa. Barua pepe ya wakala inayosema "tumekubaliana" haitafika kwenye meza ya mtu anayesoma bili mstari kwa mstari.